Hesabu za vibonzo zilivyosahau nywele za kipilipili

MTOTO anayeketi mbele ya runinga katika mtaa wa Spring Valley, magharibi mwa jiji la Nairobi, huona mambo mengi yasiyokuwapo yakienda kana kwamba yapo. Theluji hushikamana na miguu ya binti mfalme. Mawimbi hupanda, huvunjika na kurudi baharini. Joho la mchawi hupepea kwa upepo ambao haukuvuma popote. Mtoto wa Kangemi, kilomita chache kutoka hapo, akiazimwa simu na mamake huona yayo hayo.

Kitu ambacho watoto hao wawili hawakioni mara nyingi ni kichwa chenye nywele kama zao kikitikisika, nazo nywele zikafuata kama zinavyofuata wao wanapocheza. Wahusika weusi wapo katika vibonzo vya leo, na idadi yao imeongezeka. Hata hivyo, mara nyingi nywele zao huwa zimefungwa, zimefunikwa kwa kilemba, zimenyolewa karibu na ngozi au zimekaa kichwani bila kutikisika, kama kofia.

Ni rahisi kudhani kwamba kasoro hiyo ni ya wachoraji au ya wakubwa wa kampuni za filamu peke yao. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya chanzo chake imo mahali ambapo mtazamaji hafiki: katika milinganyo ya hisabati inayotungwa katika vyuo vikuu, ambayo baadaye huwa programu, na programu hizo ndizo zinazotumiwa na kila anayetengeneza vibonzo, awe California au Nairobi.

Taaluma hiyo huitwa uigaji wa kifizikia. Zamani, mchoraji wa vibonzo alichora kila picha kwa mkono, na sekunde moja ya filamu ilihitaji picha 24. Tarakilishi zilipoanza kutumika, kazi ya kuchora ilipungua, lakini tatizo jipya likazuka. Uso wa mhusika unaweza kuongozwa na binadamu, kwa kuwa una viungo vichache vya kusogezwa. Shuka, moshi, maji na nywele haviongoziki hivyo. Vina sehemu nyingi mno, na kila sehemu huvutana na jirani yake.

Suluhisho lilikuwa kuacha kuchora mwendo na kuanza kuukokotoa. Shuka hugawanywa kuwa nukta maelfu, kila nukta ikapewa uzani, na kila nukta ikaunganishwa na jirani zake kana kwamba kwa springi ndogo. Kisha kanuni ya Newton, ile ile inayofundishwa katika shule za upili humu nchini, hutumika kwa kila nukta: nguvu ni sawa na uzito wa maada mara mchapuko. Tarakilishi hutafuta nukta hiyo itakuwa wapi baada ya muda mfupi, halafu muda mwingine mfupi, hadi filamu ikamilike.

Mwaka wa 1987, Demetri Terzopoulos, John Platt, Alan Barr na Kurt Fleischer waliwasilisha utafiti kuhusu vitu vinavyonyumbuka katika mkutano wa SIGGRAPH, ambao tangu mwaka wa 1974 ndio baraza kuu la wataalamu wa michoro ya tarakilishi duniani. Utafiti huo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya taaluma hii. Mwaka wa 1998, David Baraff na Andrew Witkin walionyesha namna ya kukokotoa mwendo wa nguo kwa hatua kubwa za muda bila hesabu kulipuka na nguo kutawanyika. Mwaka uliofuata, Jos Stam alitoa mbinu ya kukokotoa moshi na majimaji kwa kutumia milinganyo ya Navier na Stokes, ambayo wanahisabati waliijua tangu karne ya 19.

Ikumbukwe kwamba hakuna hata mmoja wa watafiti hao aliyevumbua kanuni mpya ya maumbile. Kanuni zilikuwapo. Walichofanya ni kuchagua kitu kimoja, kuuliza kinakwendaje, na kutafuta njia ya kukikokotoa kwa gharama inayobebeka. Hapo kwenye kuchagua ndipo penye mzizi wa suala lenyewe. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Anayechagua swali la utafiti huchagua lile linalomkabili.

Nywele ni mfano ulio wazi kuliko yote. Kichwa cha binadamu kina takriban nywele 100,000. Kama kila unywele utagawanywa kuwa nukta 50, kichwa kimoja kitakuwa na nukta milioni tano, na kila nukta itahitaji kukokotolewa upya kwa kila picha, mara 24 kwa kila sekunde ya filamu. Kwa sababu hiyo, watafiti walitafuta njia za mkato. Walikokotoa mamia machache ya nywele za kuongoza, na zilizosalia zikaamriwa zifuate.

Njia hiyo hufaa sana kwa nywele za singa. Unywele wa singa ulio jirani na mwenzake hufanya karibu jambo lile lile analofanya mwenzake. Ukiujua mmoja umeyajua kumi. Nywele za kipilipili hazikubali mkato huo. Kila unywele una misokoto yake, misokoto hiyo hunasana na ya jirani, na umbo la kichwa chote hutokana na kunasana huko.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ugumu wenyewe. Msokoto wenye nusukipenyo cha milimita 5 una mzingo wa takriban milimita 31. Unywele ambao ukinyooshwa hufika sentimita 30 utakuwa umejikunja mara tisa au kumi kabla ya kufika nchani. Kama kila msokoto utahitaji nukta kumi ili uonekane mviringo, unywele huo mmoja utataka nukta karibu 100. Tena si idadi ya nukta pekee inayosumbua. Kanuni nyingi za awali zilimchukulia unywele kuwa kama ufito mrefu unaopinda kidogo kidogo. Ukipinda sana katika nafasi ndogo, hesabu huyumba.

Haikuwa kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka wa 2006, Florence Bertails na wenzake nchini Ufaransa, wakishirikiana na watafiti wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, walitoa mbinu iliyouchukulia unywele kuwa mfululizo wa misokoto badala ya mistari iliyonyooka. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Kampuni ya Pixar nayo, ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Brave iliyotoka mwaka wa 2012, ililazimika kuunda programu mpya ya kukokotoa nywele kwa sababu ile ya zamani ilishindwa na mapindi ya mhusika mkuu.

Mhusika huyo, Merida, ni binti wa Uskoti mwenye nywele nyekundu zilizojipindapinda. Kisa chake kina funzo. Mhusika alipohitaji, hesabu ilitafutwa, wataalamu wakalipwa, na ikapatikana. Kilichokosekana kwa miaka mingi kwa nywele za Kiafrika, kwa hivyo, si uwezo wa hisabati. Ni mtu mwenye nafasi ya kuuliza.

Aliyelipeleka suala hili mbele ya umma ni mtafiti mmoja wa fani hiyo hiyo. Theodore Kim aliwahi kufanya kazi Pixar kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Yale, na ni miongoni mwa waliotuzwa na taasisi ya Oscar kwa mbinu ya kuongeza mivurugo midogo katika moshi unaokokotolewa. Mwaka wa 2020, katika jarida la Scientific American, alieleza kwamba taaluma yake ilikuwa imeichukulia ngozi ya Wazungu na nywele zilizonyooka kuwa ndizo ngozi na nywele za binadamu wote.

Alitoa mfano wa ngozi. Juhudi nyingi zilielekezwa katika kukokotoa jinsi nuru inavyopenya ngozi nyeupe na kutokea upande mwingine ikiwa na wekundu. Katika ngozi nyeusi, namna nuru inavyong'aa juu ya ngozi ni jambo la uzito mkubwa, ilhali halikupewa uzito huo. Kwa hoja ya Kim, aliyetunga hesabu hizo hakuhitaji kuwa na chuki na mtu yeyote. Ilitosha kwamba watu waliokaa mezani walifanana, nao wakaliita tatizo lao tatizo la binadamu. Mwaka uliofuata, Kim na wenzake kadhaa kutoka vyuo mbalimbali waliwasilisha hoja hiyo mbele ya SIGGRAPH yenyewe.

Kilichofuata kina maana zaidi kuliko lawama. Kim alishirikiana na A.M. Darke, msanii na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz, ambaye ndiye mwanzilishi wa maktaba ya wazi ya mitindo ya nywele za watu weusi kwa ajili ya michoro ya tarakilishi. Pamoja na wanafunzi, mwaka wa 2023 walichapisha mbinu iliyotungwa mahususi kwa nywele zenye misokoto midogo inayokaribia nusukipenyo cha milimita 5. Mbinu hiyo haiyumbi hata pale msokoto unapokuwa mdogo karibu sawa na umbali kati ya nukta moja na nyingine.

Mwaka wa 2024 kikafuata chapisho la pili kutoka kwa kundi hilo, lililohusu umbo la nywele hizo zikiwa zimetulia: jinsi misokoto ya nywele jirani inavyoshikana, na jinsi msokoto unavyoweza kugeuza mwelekeo wake njiani. Kwa maneno mengine, karibu miaka arubaini ilipita tangu utafiti wa mwaka wa 1987 kabla ya jambo ambalo kila mzazi wa Kiafrika huliona asubuhi akimchana mwanawe kuandikwa kwa lugha ya hisabati.

Hapa ndipo suala linaporudi Nairobi. Msusi wa Kenyatta Market anaijua tabia hiyo kwa vidole. Anajua unywele ukivutwa huenda hadi wapi na ukiachiliwa hurudi kwa kasi gani. Anajua maji hufupisha nywele kwa kiasi gani, na mafuta huzifanya zishikane vipi. Anajua tofauti ya mwendo kati ya rasta, matuta na mabutu ya mtoto anayekwenda shule. Hayo yote ni maarifa yanayopimika. Yakiandikwa kwa tarakimu, ni malighafi ya utafiti wa daraja la juu.

Katika machapisho yote yaliyotajwa hapo juu, hata hivyo, hakuna lililotoka katika chuo cha Afrika Mashariki. Suala hilo halihusu fahari ya taifa tu. Linahusu ajira, elimu na namna kizazi kizima kinavyojiona.

Sekta ya vibonzo katika ukanda huu si changa tena. Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa UNESCO ulioitwa Africa Animated! uliwafunza vijana kutoka nchi kadhaa. Mwaka wa 2010, mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulianza kuonyeshwa na BBC. Ulitengenezwa jijini Nairobi na vijana wa Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, ukitumia mtindo wa rangi ulioasisiwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Mwaka wa 2011, Kwame Nyong'o alitoa Legend of Ngong Hills, na mwaka wa 2014 Ubongo Kids ilianza kurushwa kutoka Dar es Salaam.

Mwaka wa 2021 ukaja mfululizo wa Super Sema wa kampuni ya Kukua, ambao Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa watayarishaji wake wakuu. Miaka miwili baadaye, Ng'endo Mukii wa Kenya alikuwa mmoja wa waelekezi wa mkusanyo wa Kizazi Moto uliotolewa na Disney. Huyo ndiye aliyekuwa ametengeneza Yellow Fever mwaka wa 2012, filamu fupi kuhusu mkorogo na jinsi picha za urembo wa kigeni zinavyowafanya wanawake wa Kiafrika waikatae ngozi yao. Kwa hiyo, swali la nani huonekana mrembo kwenye skrini lilikwisha kuulizwa na wasanii wa Nairobi kabla ya wanasayansi wa Marekani kulivalia njuga.

Wasanii wapo, wala vifaa havikosekani kama zamani. Programu ya Blender imekuwa huru na ya bure tangu mwaka wa 2002. Mwaka wa 2020 iliingiziwa uwezo mpya wa kukokotoa maji na moshi, ambao chimbuko lake ni utafiti uliofanyiwa Uswisi na Ujerumani. Kijana wa Kangemi mwenye tarakilishi ya wastani anaweza kuupakua usiku mmoja na kuamkia kazini.

Lakini bure si sawa na chako. Kijana huyo akitaka theluji, ambayo hajawahi kuikanyaga, atapata maelekezo tele. Akitaka mabutu ya dada yake yaruke anaporuka kamba, itambidi abuni mwenyewe, ausogeze kila msokoto kwa mkono, au abadilishe mtindo wa nywele wa mhusika. Wengi huchagua njia hiyo ya mwisho kwa sababu muda wa kazi ni mfupi na mteja anasubiri. Ndivyo uamuzi uliofanyiwa maabara ya mbali unavyogeuka kuwa kichwa cha mtoto kwenye runinga ya Nairobi, bila mtu yeyote kuamua kumdharau.

Uhusiano wa Kenya na filamu kubwa za vibonzo umekuwa mrefu, lakini umefanana na biashara ya kahawa. Watengenezaji wa The Lion King ya mwaka wa 1994 walizuru Kenya kutazama mandhari na wanyama. Waliotengeneza toleo la mwaka wa 2019 walirudi na kamera zao, wakapiga picha za nyasi, miamba, mawingu na anga. Misuli ya simba, manyoya yake na vumbi la savana vilikokotolewa kwingine, kazi kubwa ikifanywa na kampuni ya MPC katika studio zake za London na Bangalore.

Mashamba ya kahawa yaliyowahi kuzunguka Kabete yanatoa picha nzuri ya jambo hilo. Punje ilisafiri ikiwa mbichi. Thamani iliongezwa ilikokaangwa. Nuru ya savana nayo husafiri ikiwa mbichi, halafu hurudi kwenye majumba ya sinema ya Westlands ikiwa na bei ya tikiti.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba jibu ni kujenga studio kubwa kama za ughaibuni. Biashara hiyo ina mashaka yake. Mwezi wa Februari mwaka wa 2025, kampuni mama ya MPC, Technicolor, ilianguka kifedha na maelfu ya wafanyakazi wakaachwa bila kazi, miezi michache tu baada ya filamu ya Mufasa kutoka. Studio hufilisika. Mlinganyo uliochapishwa haufilisiki, na aliyeutunga huendelea kutajwa kila unapotumiwa.

Wapo watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama nchi yenye upungufu wa walimu na dawa inapaswa kujishughulisha na nywele za vibonzo. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Jibu lake limo katika historia ya theluji.

Katika filamu ya Frozen ya mwaka wa 2013, watafiti wa Disney na wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akiwamo Joseph Teran, walikokotoa theluji kwa mbinu iliyobuniwa na wahandisi wa Marekani miaka ya 1990. Mbinu hiyo huichukulia maada kuwa chembe zinazoweza kushikamana kama kitu kigumu na kisha kumiminika kama uji. Mtafiti wa maporomoko ya theluji nchini Uswisi, Johan Gaume, aliiona filamu hiyo na akawatafuta waliohusika.

Mwaka wa 2018, Gaume na Teran pamoja na wenzao walichapisha utafiti wa jinsi theluji ya mlimani inavyokatika na kuporomoka. Mwaka wa 2021, Gaume na Alexander Puzrin walitumia elimu hiyo kueleza namna poromoko la theluji lingeweza kusababisha vifo vya wapanda milima tisa katika safu ya Ural, nchini Urusi, mwaka wa 1959, kisa kilichokuwa kimewashinda wachunguzi kwa zaidi ya miaka sitini. Hesabu iliyotafutwa kwa ajili ya burudani ya watoto ikawa chombo cha kuokoa watu.

Kenya haina theluji ya kuporomoka, lakini ina udongo. Novemba mwaka wa 2019, maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu katika Kaunti ya Pokot Magharibi. Mei mwaka wa 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na kuua watu zaidi ya 40. Tarehe 29 Aprili mwaka wa 2024, maji yaliyoteremka kwa ghafla yalizoa makazi karibu na Mai Mahiu usiku watu wakiwa wamelala. Mtambo wa hesabu unaoeleza jinsi udongo uliolowa unavyoacha kuwa mlima na kuanza kuwa mto ni wa ukoo mmoja na ule uliotengeneza theluji ya binti mfalme.

Mwanafunzi aliyefunzwa kukokotoa nywele, kwa hiyo, amefunzwa pia kukokotoa mteremko wa Pokot. Tofauti ni kwamba nywele zina uwezo wa kumvuta kijana wa miaka 20 aliyekulia kwenye vibonzo, na zina mteja anayelipa. Nchi inayozichukulia hesabu hizi kuwa mchezo hujinyima mlango rahisi wa kuingilia elimu ngumu.

Mazingira ya kuanzia yapo. Ukitoka Spring Valley kwa Barabara ya Lower Kabete na kupita Westlands, safari fupi hukufikisha Chiromo, bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi ambako sayansi hufundishwa. Tangu mageuzi ya mwaka wa 2021, hisabati, fizikia na elimu ya tarakilishi zimekuwa chini ya kitivo kimoja. Mbele kidogo, jijini, wapo wanafunzi wa uhuishaji katika taasisi kama Africa Digital Media Institute. Na katika vibanda vya wasusi wamo wenye maarifa ambayo Yale ililazimika kuyatafuta. Makundi hayo matatu yanaishi ndani ya jiji moja.

Utafiti wa aina hii hauhitaji maabara ya mabilioni. Huhitaji mwanafunzi wa uzamifu anayelipwa karo na posho kwa miaka minne, msimamizi anayeijua fani, tarakilishi yenye nguvu kiasi, na nauli ya kwenda kuwasilisha matokeo. Ukilinganisha na ununuzi mwingine wa serikali, gharama hizo ni ndogo. Kinachokosekana ni uthabiti wa kuzilipa mwaka hadi mwaka.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliweka kiwango cha asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya Hazina ya Taifa ya Utafiti. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye, kiwango hicho hakijafikiwa. Fedha chache zinazopatikana huelekezwa kwenye kilimo na afya, jambo linaloeleweka. Lakini hisabati isiyopewa hata sehemu ndogo ya fedha hizo haiwezi kuzisaidia kilimo wala afya siku zitakapoihitaji.

Afrika imewahi kujaribu kujenga baraza lake. Mwaka wa 2001, mkutano wa Afrigraph uliohusu michoro ya tarakilishi ulianza mjini Cape Town, na kwa miaka kadhaa ukawapa watafiti wa bara hili mahali pa kusomeana kazi zao. Mkutano wa mwaka wa 2010 ulifanyika Franschhoek, Afrika Kusini. Baada ya hapo jukwaa hilo likanyamaza. Mikutano yote ilifanyika Afrika Kusini. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hazikupata kuwa mwenyeji. Kulifufua jukwaa la namna hiyo, safari hii likiwa na mguu Afrika Mashariki, kungegharimu chini ya semina nyingi zinazofanyika kila mwaka katika hoteli za Naivasha na Mombasa.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Kazi ya Kim na Darke imefungua mlango, haijamaliza safari. Imeshughulikia zaidi unywele wenyewe na misokoto yake. Yamebaki maswali ya kusuka: namna nyuzi tatu za rasta zinavyobanana, namna mtindo wa twende kilioni unavyolivuta ngozi la kichwa, namna nywele zinavyolegea baada ya wiki tatu. Yapo pia maswali ya leso inayovaliwa Mombasa wakati wa kusi, na ya vumbi jekundu la Tsavo linaloshikamana na mwili wa tembo. Maswali hayo yatajibiwa siku moja, kwa kuwa soko la filamu litayadai. Lisilojulikana ni chuo gani kitakachoandikwa juu ya ukurasa wa kwanza wa majibu hayo.

Mhadhiri wa Chiromo anayetafuta mada ya kumpa mwanafunzi wake hahitaji kungoja mwaliko kutoka ng'ambo. Jumamosi moja aende Kenyatta Market akiwa na rula, kamera na ruhusa ya msusi. Achukue unywele mmoja, aupime ukiwa umetulia, aupime ukiwa umenyooshwa, na aandike unarudi kwa muda gani.